Kutoka Dar hadi Tukuyu na gari la viti viwili

Kila niliyemwambia kwamba nafunga duka langu la ushonaji Sinza na kurudi kuishi Tukuyu, mkoani Mbeya, moja kwa moja, aliniuliza habari za gari. Lipakie kwenye semi, walisema, wewe panda basi. Gari lenyewe ni Mazda Roadster ya mwaka 2001, ile ambayo nje ya Japani wengi wanaijua kwa jina la MX-5: viti viwili, paa la turubai, injini ya 1,800 cc, giya sita za mkono, na tumbo lililo kiganja na nusu tu kutoka ardhini. Nilikataa. Kati ya Ubungo na kwetu kuna karibu kilomita 900, na kona zake nyingi nimezipita toka utotoni nikiwa nimesinzia kwenye kiti cha basi. Safari hii nilitaka nizipite macho wazi, usukani mkononi.

Kitanda, friji na meza ya kukatia vilitangulia na lori lililoleta ndizi soko la Mabibo na lilikuwa linarudi Rungwe tupu. Kwenye buti likaingia begi moja la nguo, spana, lita ya oili, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu. Tairi la akiba lilishakula nafasi yake humo humo, lile jembamba ambalo ukilifunga hutakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kiti cha abiria nilikipa kichwa cha cherehani yangu, Singer nyeusi niliyoanzia kazi, nikakifunga mkanda.

Niliondoka alfajiri, mwishoni mwa Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Kibaha, Mlandizi, Chalinze: hapo hakuna cha kusimulia zaidi ya matuta. Ila matuta nayo yana elimu yake. Kwenye gari la chini tuta huliendei uso kwa uso. Unashuka hadi giya ya kwanza, unalipanda kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine, na unasikiliza. Kimya maana yake umepita salama. Rasta, ile mistari iliyoinuka barabarani, ndizo zinazochosha zaidi, kwa sababu springi za Roadster ni ngumu na kila mstari unaufikia uti wa mgongo. Na kila kijiji kina kibao cha 50, na mara nyingi mbele ya kibao yupo askari na tochi ya kupimia spidi. Mmoja baada ya Morogoro alinisimamisha, akakagua mtungi na pembetatu, akazunguka gari lote, kisha akaniuliza, "Dada, hii inafika ngapi?" Nikamwambia hapa kijijini inafika hamsini, afande. Akanirudishia leseni akanitakia safari njema.

Watu wengi wanaamini raha ya gari la michezo ni spidi. Kwenye barabara ya Mbeya, yenye malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana, spidi ni ya kuzikana. Raha ya Roadster ni kwamba ina uzito wa tani moja na kidogo tu, injini iko mbele, nguvu inatoka tairi za nyuma, na wewe umeketi karibu katikati. Ukigusa usukani kidogo, gari linajibu hapo hapo. Mwendo wa 70 ndani yake unakuchangamsha kuliko 120 kwenye gari refu.

Mikumi niliipita paa limefungwa. Barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na vibao vinakueleza faini ya kila mnyama utakayemgonga. Tembo alikuwa kando ya lami, na kutoka kiti changu macho yangu yalikuwa chini ya tumbo lake. Nilizima redio bila kujua kwa nini. Nikasubiri nyuma ya Fuso mpaka avuke.

Ukishapita Mikumi mjini na kuingia bonde la mibuyu, joto linapanda na Mto Ruaha unakuwa jirani yako. Ruaha Mbuyuni nilinunua vitunguu. Akina mama walicheka walipoona hakuna pa kuviweka, mmoja akavisokomeza sakafuni, mbele ya kiti cha cherehani. Halafu mlima wa Kitonga.

Kitonga nataka niiseme taratibu. Marehemu baba alikuwa utingo ujana wake. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia ikakatiwa mafuta, malori yaliyapeleka kutoka Dar kwenye mapipa, barabara ikiwa tope na mashimo, kabla TAZAMA, bomba la mafuta la kutoka Dar hadi Zambia, halijaanza mwaka 1968. Kazi ya baba mlimani ilikuwa kutembea kando ya lori na jiwe mkononi, tayari kulisukumia nyuma ya tairi injini ikishindwa. Alitusimulia hivyo mara nyingi, nasi tukasikiliza kwa sikio moja.

Nilipanda kwa giya ya pili nyuma ya semi iliyobeba makontena, mwendo wa mtu anayetembea. Mwendo wa baba. Kulia korongo, kushoto mwamba, harufu ya breki za wanaoshuka ikiingia mpaka kooni. Matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani yanakwambia mbele kuna lori limekufa. Hapo nikagundua jambo ambalo kwenye basi huwezi kulijua: ukiwa chini hivi, unaona chini ya tela. Niliziona tairi za wanaoshuka kabla sijaona magari yenyewe. Lakini dereva wa semi yeye hakuoni, kwa hiyo taa zako ziwake na ukae mbali mpaka uone uso wake kwenye kioo chake. Huyu aliniona. Aliwasha indiketa ya kulia, nikatulia. Kona mbili baadaye akawasha ya kushoto, nami mwenyewe nikahakikisha njia ni nyeupe, nikapita. Kona zilizobaki nilikuwa peke yangu, giya ya pili, ya tatu, ya pili, na nililia kidogo. Sioni haya kuliandika.

Nililala Iringa. Asubuhi Mafinga ilikuwa baridi ya kuuma, misonobari ya Sao Hill imezama kwenye ukungu. Nikafungua paa, nikawasha hita ya miguuni, kofia ya sufu kichwani. Asiyewahi kuendesha hivyo namwombea siku moja apate. Makambako upepo ulilisukuma gari. Tambarare ya Igawa na Chimala niliikata bila kusimama.

Uyole unakunja kushoto na kupanda tena. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo, na kuelekea Isyonje niliisikia wazi: mguu uleule, msukumo mdogo zaidi. Sikujali, kwa sababu baada ya hapo barabara inashuka kwenda Kiwira kwa kona zinazofuatana, Mlima Rungwe kushoto, migomba pande zote. Manyunyu yakaanza. Mshono wa nyuma wa paa niliushona mwenyewe kwa uzi wa nailoni, na haukuvuja.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kilomita ya mwisho hadi kwetu ni udongo mwekundu. Nimeshaongea na baba mdogo, anayekaa kando ya lami: gari litalala kwenye banda lake, mimi nitatembea. Kila wiki nitazibua vile vitundu vya kutolea maji nyuma ya viti, maana majani yakiziba, maji yote ya paa yanaishia kwenye kapeti.

Mama amelizunguka, amelipiga piga boneti, ameuliza yeye atakaa wapi. Jumamosi tunashuka naye Kyela kununua mchele. Kilo ishirini zinaingia kwenye buti, nimeshapima.