Jinsi nilivyopoteza chaneli mbili, nikaokoa sita

Chaneli ya kwanza, yaani mlango mmoja wa kupokea volti kwenye kadi yangu ya vipimo, ilikufa bila hata moshi. Nilikuwa napima relei (swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme) ya volti 24, kadi ya kukusanya data, inayopeleka vipimo kwenye kompyuta, ikisoma volti za koili, waya uliozungushwa ndani ya relei, kupitia rezista mbili zinazozigawanya kwa 3. Nilipokata umeme wa relei, chaneli ikaganda kwenye volti 10, hata nikiigusisha ardhi. Nikalaumu programu. Nikahamia chaneli ya pili, nikarudia jambo lilelile, nayo ikafa.

Hapo ndipo nilipotoa osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyobadilika, kitu nilichopaswa kufanya mwanzo. Koili ikikatiwa mkondo ghafla hurusha volti za kinyume: kwangu zilipita 300. Zigawe kwa 3, bado ni 100, na kadi yangu huvumilia 30 tu.

Diodi (kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) ya 1N4007 sambamba na koili, katodi, yaani ncha yake yenye mstari, upande wa chanya, iliua mruko huo palepale. (Relei huchelewa kidogo kuachia; kama unachopima ni muda wa kuachia, tafuta njia nyingine.) Lakini kesho ningeletewa saketi nyingine isiyo na diodi, kwa hiyo nikataka kinga mlangoni mwa kadi yenyewe: rezista ya omu 10,000 kwenye kila chaneli, kisha diodi mbili, moja kwenda laini ya umeme ya volti chanya 12, nyingine ya hasi 12. Volti 100 zikiingia, mkondo hauzidi miliampea 9.

Nikaijaribu kwa volti 60 kabla ya kuunganisha kadi, na nashukuru nilifanya hivyo. Laini ya chanya 12 ilipanda hadi 19! Regyuleta, sehemu inayoshikilia laini hiyo kwenye volti 12, hutoa mkondo, haijui kuupokea, kwa hiyo kilichomwagwa na diodi kilikosa pa kwenda. Zena (diodi inayoanza kupitisha mkondo kinyume volti zikifika kiwango chake) ya volti 13 kati ya laini hiyo na ardhi ikakipa njia. Upande wa hasi nikafanya vivyo hivyo.

Kilichonichosha zaidi ni kosa dogo la milivolti 14 kwenye vipimo. Nilikuwa nimeweka diodi za aina ya Schottky kwa kuwa zina haraka, kumbe zinavuja, yaani hupitisha mkondo kidogo hata zikiwa zimefungwa. Maikroampea 1 tu kwenye omu 10,000 ni milivolti 10, na uvujaji huongezeka zikipata joto. Nikazing'oa, nikaweka diodi za BAV199, ambazo huvuja kidogo mno, na kosa likapotelea kwenye kelele, ule mchezo mdogo wa volti usiokosekana kwenye vipimo. Ilibidi pia nipunguze kasi ya kusoma, maana chaneli zote zinatumia kwa zamu kigeuzi kimoja, kile kinachogeuza volti kuwa namba, na kwa rezista kubwa kiasi hicho kila chaneli ilibeba kivuli cha iliyotangulia.

Baadaye nikasoma kwenye kijitabu cha kadi kwamba ikiwa imezimwa huvumilia volti 20 tu. Sasa huwasha kadi kwanza, ndipo niwashe kinachopimwa. Kuzima ni kinyume chake.