Natafuta wakili, sina kesi

Mjini hapa ukiwa na kesi wakili humkosi, hata usipomtafuta atatokea mjomba wa mtu akwambie "mie nina mtu wangu". Lakini jaribu kumtafuta huna kesi, huna shamba unagombania, hujaachwa, unataka tu akae akujibu masuala ya skuli, hapo ndo utaujua mji.

Mie nasoma diploma ya biashara, na ndani yake kuna somo la sheria ambalo hakuna aliyeliomba. Mwalimu katupa kazi, kila mtu amuhoji mwanasheria anayefanya kazi hapa Zanzibar, arikodi, kisha aandike. Sharti lililotuua ni kwamba mwanasheria mmoja kwa mwanafunzi mmoja. Meseji haijapoa kwenye grupu watu washagawana majina, huyu ami yake hakimu, yule dada yake yuko kwa DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), mwengine kapachikwa kwa mume wa shoga yake. Mie kwetu Wete, ukoo mzima wavuvi na walimu wa skuli, mtu wetu pekee wa sheria ni binamu yangu yuko Dar.

Nikamuomba mwalimu nimuhoji huyo binamu kwa simu, akakataa. Na sababu aliyonipa ilikuwa na maana kuliko noti zote za muhula huu. Wakili aliyesajiliwa Bara haji tu na joho lake akasimama mahakamani kwetu, lazima akubaliwe na huku. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, Jaji Mkuu wake, Mwanasheria Mkuu wake, DPP wake tokea 2002, na mawakili wa huku wana chama chao, kile cha Tanganyika ni cha kule. Tunakutana juu kwenye Mahakama ya Rufani, na hata huko si kila kitu kinapanda, kesi iliyoanzia kwa kadhi haiendi, na suala la kufasiri Katiba ya Zanzibar ya 1984 nalo linaishia hapa hapa.

Haya, binamu kaanguka. Nikaanza kuzunguka.

Ofisi za mawakili zote karani ndo mlango, na karani ana suala moja tu.

"Kesi gani?"
"Sina kesi kaka, mie mwanafunzi."
"Ya ardhi au mirathi?"
"Kaka sina kesi."
"Sasa umefuata nini?"

Ofisi nyengine nikaambiwa kumuona wakili kwa mazungumzo kuna ada, na ilivyotajwa hiyo ada nikashukuru nikateremka ngazi. Simlaumu mtu, saa yake ndo duka lake. Nikapanda gari ya Tunguu, maana Mahakama Kuu siku hizi iko huko, si tena kwenye lile jengo la Vuga lenye kuba alilolichora Mwingereza Sinclair enzi za ukoloni. Nikawaona mawakili kweli, tena wengi, ila wote wanakimbia, mmoja kanisikiliza huku anavua joho akanambia nipigie Alhamisi. Alhamisi simu inaita mpaka inakata.

Raha niliipata mahakama ya kadhi. Nilienda kuuliza kama kadhi naye anahesabika mwanasheria (mwalimu alisema hapana, anataka mtu anayesimamia wateja), nikakaa benchi na kinamama wanaosubiri kuitwa, wamejaa, huyu matunzo ya watoto, huyu talaka, huyu mume kaenda Oman hajulikani yu hai ama vipi. Bi mkubwa mmoja akanigeukia, "Mwanangu, kakuacha au wamtaka akuache?" Nikamwambia bibi mie ni kazi ya skuli. Akanitazama kwa huruma, naona hakuamini. Lakini mambo aliyonielezea pale, jinsi ya kufungua dai na karatasi gani uje nazo, yule mama alikuwa wakili tosha, hana cheti tu.

Kituo cha Huduma za Sheria nacho nilifika. Hiki kipo tokea 1992, marehemu Profesa Haroub Othman alikuwa miongoni mwa waanzilishi, na ndo wanaofundisha wale wasaidizi wa sheria wa mashehiani, yaani mitaani kwa masheha. Nimetoka na vijitabu, vizuri tu, ila kijitabu hakirikodiwi.

Mwisho nilikuwa nalalamika jikoni kwa shangazi ninapokaa, Fuoni, akanambia, "Kwani vakili si mtu? Mzee aliyetuandikia hati ya kiwanja yupo hapo nyuma." Vakili, kwa asiyejua, ana leseni ya kusimamia watu kwenye mahakama za chini, Mahakama Kuu haingii. Ni mambo ya tokea ukoloni na huku kwetu bado wapo, Bara huwapati. Mwalimu alisitasita, nikamwambia ana leseni, ana wateja, yuko Zanzibar, unataka nini tena? Akakubali.

Nilienda baada ya laasiri. Mzee barazani kwake, kanzu, miwani imefungwa uzi, mafaili kwenye mkoba wa plastiki. Karani hana. Nikamwamkia, nikatoa karatasi ya masuala, akaichukua akaisoma yote kwanza kisha akaiweka chini ya kikombe, tukazungumza yake.

Akanieleza mahakama za wananchi, zilizoanzishwa baada ya Mapinduzi zikaja kuondoshwa 1985. Humo wakili alikuwa haruhusiwi, unashtakiwa unajitetea mwenyewe, hata ikiwa kesi ya roho yako. Anasema watu wazima aliowasimamia miaka ya baadaye wengi bado walikuwa wanajieleza wenyewe mbele ya hakimu, anawafinya waachie yeye, hawaachii.

Kazi yake kubwa ni eka tatu. Babu kagawiwa na serikali shamba la eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, kafa, watoto saba kwa mama tofauti, mmoja kauza upande bila ya kuwaambia wenziwe, na juu ya hapo mikarafuu ina mwenyewe mwengine, kwa sababu huku mwenye mti si lazima awe ndo mwenye ardhi. "Hapo," anasema, "ukiniletea ugomvi asubuhi nakurudisha nyumbani mkakae ukoo mzima kwanza. Mahakama haina haraka, na nyie mna njaa."

Nikamuuliza lile suala kila mtu analiuliza, unamteteaje mtu unayejua kafanya.

"Mie sijui kafanya," akasema. "Wewe wajua? Ulikuwepo?"

Nikanyamaza. Akamimina chai.

Kazi imerudi juzi, alama nzuri, ila mwalimu kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: kesi yake ikikatiwa rufaa Mahakama Kuu, anamkabidhi nani, na mteja analipa mara mbili? Nimempigia mzee. Kasema suala zuri, nije Jumamosi, na nikija nimpitishie fotokopi zake pale dukani.