Mjomba, Boti Yenyewe Ndiyo Hii?

Treni ya kutoka King's Cross, London, hadi Newcastle inachukua kama saa tatu, na saa zote tatu mimi niliganda dirishani kama mtoto. Mpwa wangu alikuwa amelala mdomo wazi. Yeye huu ni mwaka wake wa sita huku. Mimi nimekuja wiki mbili tu, na katika hizo wiki mbili nilimwomba siku moja iwe yangu. Alidhani nitataja uwanja wa mpira. Nikamwambia nataka kuona boti.

"Boti gani tena, mjomba? Wewe si unashinda kwenye pantoni?"

Kweli nashinda kwenye pantoni, lakini chini, kwenye injini, ambako hata bahari siioni. Nilipokuwa chuoni mwalimu wetu alituchorea ubaoni kitu kama sindano, akasema hiki ndicho kilichowaaibisha wanamaji wa Malkia Victoria mbele ya wageni wao. Kisha akafuta, akaendelea na pampu. Sindano ile haikunitoka kichwani.

Treni ikapunguza mwendo, tukawa juu ya mto Tyne, madaraja yamepangana kulia kwetu. Kutoka stesheni ni mwendo wa dakika chache kwa miguu hadi Makumbusho ya Discovery, na kiingilio hakuna. Unapita mlango na hapo hapo, kwenye ukumbi wa kuingilia, imelala Turbinia, ile sindano ya mwalimu.

"Mjomba, boti yenyewe ndiyo hii?"

Simlaumu. Ina urefu wa mita 30 na kitu, na upana haufiki mita 3. Watu wawili wakilala kichwa kwa miguu hawaenei. Bomba moja la moshi, kijumba kidogo cha usukani, na baada ya hapo ni bati refu jembamba linaloelekea tezi. Nilizunguka hadi nyuma, maana mimi chombo huwa nakijulia kwenye mapangaboi yanayokisukuma majini. Kuna shafti tatu, yaani vyuma virefu vinavyozungushwa na injini, na kila shafti ina mapangaboi matatu yaliyofuatana. Tisa! Nikahesabu tena kwa kidole. Ni madogo, unaweza kulibeba moja kwapani ukapanda nalo daladala.

Hayo tisa yana kisa chake. Mhandisi Charles Parsons, mwenye boti hii, alipoijaribu mwaka 1894, ilikuwa na shafti moja na mwendo ukagoma. Turbini yake, injini ya mapanga yanayozungushwa na mvuke, ilizunguka kwa kasi mno, pangaboi likawa linayapasua maji yanageuka mapovu, linabaki kuzunguka ndani ya mapovu kama tairi kwenye tope. Injini inanguruma, chombo hakiendi. Kila fundi wa majini amewahi kuukuta ugonjwa huu kwa kiasi chake. Ukilitoa pangaboi unalikuta limetobokatoboka kama limeliwa na mchwa. Parsons alitengeneza tangi dogo lenye kioo ayaone mapovu kwa macho, kisha akagawa kazi kwa shafti tatu.

Mpwa wangu akauliza swali la maana: haraka yote hiyo ya nini?

Nikamkalisha kwenye benchi. Mwaka 1866, kule Fiume, ambako leo ni Rijeka nchini Kroatia, Mwingereza Robert Whitehead alitengeneza topido, bomu linalojiendesha lenyewe chini ya maji. Ghafla kijiboti cha bei rahisi kikawa na uwezo wa kuzamisha manowari ya mamilioni. Wafaransa wakaziunda boti za topido kwa wingi, Waingereza wakakosa usingizi. Mwaka 1892 Jacky Fisher, aliyekuwa akisimamia ununuzi wa meli za kivita, akaviita viwanda: nataka chombo cha kuziwinda boti hizo, kikubwa kuliko zenyewe na chenye mbio kuzishinda. Jina lilikuwa refu, viangamizi vya boti za topido. Baadaye mkia ukakatika, ikabaki destroya tu. Yarrow wa Poplar, London, walitoa Havock mwaka 1893, tani kama 240, mwendo noti 26, karibu kilomita 48 kwa saa. (Noti za baharini, mpwa, si za Benki Kuu.) Thornycroft wa Chiswick wakajibu kwa Daring, na mashindano yakaanza: noti 27, kisha 30.

Hapo ndipo mimi nina neno langu. Noti hizo zilikuwa za siku ya majaribio. Chombo chepesi, makaa ya mawe yamechaguliwa bonge kwa bonge, na watia makaa ni mabingwa wa kiwanda chenyewe. Ni kama dalali anayekuambia gari linakula lita moja kwa kilomita ishirini. Muulize liliendeshwa na nani, kwenye mteremko gani. Kikosi kikishakabidhiwa chombo na bahari ikichafuka, noti 30 unazisoma kwenye makaratasi. Mabati ya ubavuni yalikuwa ya milimita chache tu, omo, yaani pua ya chombo, inazama kwenye kila wimbi, na waliomo ndani walilipwa posho ya nyongeza kwa kulala pagumu. Serikali haikupi posho bure.

Na wale wa chini? Chumba cha boila kilifungwa, feni zikishindilia hewa ili moto uwake kwa nguvu, na binadamu yumo humo na koleo. Nimefanya kazi kwenye joto, lakini dizeli inajimwagia yenyewe. Nikawakumbuka pia wale wa kwetu: manowari za Uingereza zilizozunguka Bahari ya Hindi zilichukua vibarua Waafrika, Unguja na Aden, wakawaita Seedie, na wengi wao walipelekwa huko huko kwenye makaa.

Turbinia ilikuja kuonyesha kwamba piston zinazopanda na kushuka na kuitikisa meli nzima zimefika mwisho wao. Tarehe 26 Juni 1897, manowari zimejipanga Spithead, kwenye bahari ya mbele ya Portsmouth, kuadhimisha miaka 60 ya Malkia kwenye kiti cha enzi, Parsons akachomoka kati ya safu. Boti za doria zikatumwa kumfukuza, hazikumpata. Ilikuwa na uwezo wa noti 34 na nusu. Haikupita miaka mingi jeshi la majini likawa na destroya mbili za turbini, Viper na Cobra.

Viper ilipanda mwamba kwenye ukungu karibu na kisiwa cha Alderney mwezi Agosti 1901. Watu wote walipona. Cobra ndiyo iliyonifanya nimwambie mpwa wangu tusirudi stesheni bado.

Tukapanda Metro hadi North Shields, kisha feri ya kuvuka kwenda South Shields, dakika saba hivi. Mto hapo ni mpana, rangi ya chai ya maziwa, na upepo unapita katikati ya vifungo vya koti. Njia hii ndiyo Cobra iliyopita tarehe 17 Septemba 1901, mpya kabisa, inakwenda Portsmouth kufungiwa silaha. Humo ndani walikuwemo mabaharia na mafundi wa Parsons. Asubuhi iliyofuata, kwenye Bahari ya Kaskazini, ilikatika vipande viwili. Walikufa 67, wakapona 12. Mahakama ya kijeshi ikasema haikugonga kitu: chombo chenyewe kilikuwa dhaifu.

Kwa hiyo mitambo haikuwa na kosa. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi, maana ni ya kumfariji fundi, na mafundi wenyewe walikuwa majini.

Mpwa wangu alikuwa anapiga picha shakwe. Mimi nikasogea pale ninapokadiria injini ipo chini yangu, nikavua kiatu cha kulia.

"Mjomba! Watu wanaangalia."

"Waangalie." Kwa unyayo husikia zaidi kuliko kwa sikio. Injini ilikuwa inapiga sawasawa, bila kukwaruza, bila kukohoa. Mama mmoja mwenye kikapu aliitazama soksi yangu, kisha akanitazama mimi, akatabasamu. Feri ikagusa gati, nikakuta kamba ya kiatu imelowa.