Nilivyodai pesa zangu mahakamani Ujerumani nikiwa Moshi

Kampuni yangu ni ndogo. Tunapandisha wageni Kilimanjaro, na wakishashuka tunawapeleka Tarangire na Ngorongoro. Kwa muda mrefu wageni wetu wengi waliletwa na wakala mmoja wa safari wa Hamburg, ambaye alilipa nusu kabla ya safari na nusu baada ya wageni kurudi kwao. Mwaka 2023 kundi moja la njia ya Machame lilishuka salama, wakala akanyamaza. Alikuwa amebakiza euro 4,800. Nilipozidi kumwandikia, akajibu kwamba wageni walilalamikia mahema na chakula, kwa hiyo halipi.

Wapagazi nilikuwa nimeshawalipa. Ada za hifadhi zilishalipwa kabla kundi halijapita geti la Machame. Hasara yote ilikuwa yangu.

Mjini kila niliyemweleza aliniambia niache: mahakama ni yao, sheria ni yao, utatumia kumi kudai tano. Naandika haya kwa sababu najua wenzangu kwenye biashara hii walioacha haki yao kwa kuyaamini maneno hayo, na mimi nimeona vinginevyo.

Nilianza na mkataba. Ulikuwa na kipengele kwamba mgogoro utaamuliwa na mahakama za Hamburg kwa sheria ya Ujerumani. Kipengele hicho kiliwekwa kwa faida yake, lakini kilinisaidia. Kushtaki Moshi kusingenifikisha mbali, maana hukumu ya hapa ingebidi ipite tena mahakama ya Ujerumani kabla haijagusa akaunti yake. Na kama mkataba usingetaja sheria yoyote, hakimu wa kule kwa kawaida angetumia sheria ya nchi ya mtoa huduma, yaani ya Tanzania, na huenda angetafuta mtaalamu wa kumfafanulia. Muda na gharama vingeongezeka.

Ujerumani kuna njia fupi ya kudai fedha. Unajaza fomu, mahakama inatoa amri ya malipo iitwayo Mahnbescheid bila kuchunguza kwanza kama dai ni la kweli. Mdaiwa ana wiki mbili za kulipa au kupinga. Akikaa kimya, unaomba amri ya pili, na hiyo unaweza kuikazia kama hukumu. Mdai anayeishi nje ya Ujerumani haipeleki fomu hiyo mji wa mdaiwa. Sheria inamtaka aipeleke Amtsgericht Wedding, mahakama iliyoko Berlin. Dai lazima liwe kwa euro. Ankara zetu kwa wakala huyu zilikuwa kwa euro tangu mwanzo, lakini najua wengi hapa Moshi wanaandika dola, na kwao mlango huu ni mgumu.

Anwani ilinisumbua kuliko Kijerumani. Sisi tumezoea S.L.P., na barua zetu zote za ofisi zinaanza hivyo. Mahakama za kule hazikubali sanduku la posta kama anwani ya mdai. Wanataka mtaa na namba ya nyumba, mahali ambapo mtu anaweza kupatikana na kupelekewa wito. Mwaka 2022, kuelekea sensa, nyumba zetu zilibandikwa namba na mitaa ikawekewa vibao. Nikachukua namba iliyo mlangoni kwetu, jina la barabara na postikodi, nikaziandika. Zilipokelewa.

Wakala akapinga. Anayepinga halazimiki kutoa sababu, anaweka alama tu kwenye fomu na njia fupi inaishia hapo. Faili likahamishiwa Hamburg kuwa kesi ya kawaida. Kwa dai la kiasi changu mahakama ilikuwa Amtsgericht, yenye hakimu mmoja, na huko mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Kwenye Landgericht, mahakama ya juu yake, wakili ni lazima. Niliamua kuweka wakili hata hivyo, na sababu kubwa ilikuwa barua. Mtu wa nje asiye na wakili anaweza kuagizwa amtaje mtu aliyeko Ujerumani wa kumpokelea nyaraka. Asipomtaja, mahakama inatuma kwa posta tu, na wiki mbili baada ya kutumwa barua inahesabiwa imemfikia, hata kama bado iko njiani. Mimi nisingeweka kesi yangu mikononi mwa posta.

Mpwa wangu anayeishi Bremen aliniongezea jambo ambalo ndugu walioko huko walijue vizuri. Nyaraka za mahakama huja kwenye bahasha ya njano, na mtu wa posta anaandika juu yake tarehe aliyoifikisha. Muda unahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, hata kama aliitumbukiza kwenye sanduku la barua nawe ukiwa kazini au safarini. Bahasha yenyewe usiitupe.

Sasa pesa. Ada ya mahakama inafuata thamani ya dai na mdai anaitanguliza. Kwa viwango vya wakati ule, kabla havijapandishwa Juni 2025, dai la euro 4,800 lilikuwa na ada ya euro 483, ikiwemo ile ndogo niliyolipa Wedding. Ada ya wakili nayo ina jedwali la kisheria linalofuata thamani hiyo hiyo, kwa hiyo unaweza kujua mapema unaingia kwenye nini. Anayeshindwa analipa vyote: ada ya mahakama, wakili wake na wakili wa mwenzake kwa kiwango cha jedwali. Ukishinda sehemu, gharama zinagawanywa kwa uwiano huo huo.

Kilichonikosesha usingizi ni dhamana ya gharama. Kifungu cha 110 cha sheria yao ya mwenendo wa kesi za madai kinamruhusu mdaiwa kuomba kwamba mdai anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi aweke fedha kwanza, ili akishindwa zisije zikakosekana. Wakili wa wakala aliomba mapema, mahakama ikaniwekea tarehe ya mwisho. Nilikopa SACCOS, nikaweka. Mtu anayefikiria kushtaki kule aipigie hesabu dhamana hii tangu siku ya kwanza pamoja na ada, kwa sababu mahakama ikishaagiza, bila dhamana kesi haiendi.

Halafu ukaja utetezi wao, kurasa nyingi. Hapa ndipo nilipouelewa utaratibu wa Wajerumani, na nikaanza kuuheshimu. Kesi inaamuliwa kwa kiasi kikubwa na maandishi kabla mtu hajasimama mbele ya hakimu. Neno lolote la mwenzako usilolikanusha waziwazi linahesabiwa umelikubali. Wakili aliweka namba kwenye kila aya ya utetezi, akanitumia, akataka jibu la kila namba: kweli, si kweli, na ushahidi uko wapi. Wameandika mahema yalikuwa ya zamani: yalinunuliwa lini, risiti iko wapi? Wameandika wageni walilalamika kambini: nani, kambi gani, alimwambia nani? Kazi hiyo tuliifanya ofisini jioni baada ya jioni, mimi na kiongozi mkuu wa msafara ule.

Hakuna utaratibu wa kumlazimisha mwenzako akufungulie mafaili yake yote ili uchimbe humo. Kila upande unaleta cha kwake. Nilimuuliza wakili kama kiongozi wetu aende kwa kamishna wa viapo, tutume hati ya kiapo kama tunavyofanya hapa. Akanijibu kwamba katika kesi ya kawaida hati ya namna hiyo haichukui nafasi ya shahidi. Hakimu anataka kumsikia mtu mwenyewe, na anayeanza kumuuliza ni hakimu, mawakili wanafuata. Mimi nami nisingeweza kuwa shahidi. Nikiwa mkurugenzi nahesabiwa ndiye kampuni, yaani upande wa kesi. Shahidi wetu alikuwa kiongozi.

Yeye ndiye aliyetuokoa. Tulipofika kwenye aya ya chakula akaniambia, "Dada, fomu za maoni za kundi lile ninazo zote, ziko kwenye faili la msimu." Wageni wetu wakishuka geti la Mweka, kabla ya vyeti kugawiwa, huwa tunawapa karatasi ya kuandika maoni na kusaini. Zile fomu zilikuwa na matone ya mvua na alama za vidole vya vumbi, na karibu zote zimeandikwa kwa Kijerumani, kwa mkono, na tarehe. Mama mmoja alisifu supu ya maboga aliyopewa kambi ya Barranco baada ya kutembea kwenye mvua. Hazikuhitaji hata kutafsiriwa. Ujumbe wa simu kati ya kiongozi na wapagazi ulikuwa kwa Kiswahili, na huo tuliupeleka kwa mtafsiri aliyeapishwa na mahakama kule, maana lugha ya mahakama ni Kijerumani na hakimu anaweza kudai tafsiri ya namna hiyo.

Siku ya kusikilizwa wakili alikwenda peke yake akiwa na idhini yangu. Kule hakimu anaanza kwa kujaribu suluhu, na anasema wazi anavyoiona kesi. Alisema fomu zina uzito mkubwa. Alisema pia kwamba wakala alikuwa na picha ya hema moja lililochanika, na kwamba tukiendelea, kumsikiliza shahidi aliyeko Tanzania kutachukua muda mrefu. Akapendekeza nilipwe euro 4,300. Wakili alikubali kwa sharti kwamba ninaweza kuiondoa suluhu hiyo kabla ya tarehe iliyoandikwa. Utaratibu huo unamfaa sana aliye mbali, kwani nilipata nafasi ya kukaa na hesabu zangu bila mtu kunisubiri kwenye simu.

Sikuiondoa. Gharama tuligawana kwa uwiano, nyingi zikaenda kwake. Kesi ikimalizwa yote kwa suluhu, theluthi mbili ya ada ya mahakama inarudishwa. Na suluhu iliyoandikwa mahakamani inakaziwa kama hukumu, kwa hiyo mdaiwa hana tena nafasi ya kuzungusha. Alilipa. Dhamana ilichelewa, kwa sababu kuitoa kunahitaji upande wa pili ukubali au mahakama iamuru, lakini ilirudi nami nikafunga deni la SACCOS.

Wenzangu wawili wa hapa Moshi wana ankara za wakala wa Ujerumani zinazolala droo tangu 2023, na wao wanaendelea kutuma barua pepe za kukumbusha. Barua hizo hazisimamishi ukomo wa muda. Kwa sheria ya Ujerumani, madai ya namna hii huishi miaka 3, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ambao deni liliiva, na kinachosimamisha ni kama fomu ya Wedding, kesi yenyewe, au mazungumzo ya kweli kati yenu kuhusu deni. Kwa deni la 2023 ambalo hakuna kilichosimamisha muda, siku ya mwisho ni 31 Desemba 2026.