Siku moja na Volkswagen ya mzee, Malindi

Saa moja asubuhi. Nafungua gereji hapa Maweni, hamri mkononi. Bati nililolipiga msasa jana sikulifunika, limeamka jekundu kwa kutu. Upepo wa bahari haukusamehi hata usiku mmoja.

Saa mbili na nusu. Kijana wangu anang'oa kiti cha nyuma cha Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Namba ya chesisi imepigwa pale chini, katikati. Kitabu cha gari kinasema 1965, lakini namba inaanza na 116: 11 ni aina ya gari, 6 ni modeli ya 1966. Kiwanda kilikuwa kikianza modeli ya mwaka unaofuata mwezi wa Agosti. Ni miezi tu, ila kwa fundi kama mimi, anayerudisha nembo na mapambo ya gari yawe kama yalivyotoka kiwandani, ni mbali sana. Modeli hiyo ndiyo iliyoleta injini ya 1300, rimu zenye matundu na wilikapu bapa, yaani vile vifuniko vya katikati ya rimu.

Saa nne mwenyewe anafika na kitu amekifunga kwenye leso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Fungua uone."

Ni ile nembo ya mji wa Wolfsburg, mbwamwitu juu ya ngome, mpya, inang'aa. Anataka ikae mbele, juu ya mkono wa boneti. Nzuri, sibishi. Lakini kiwanda kiliacha kuiweka 1962.

"Nani Malindi atajua?"

"Mimi, mzee. Na boneti yenyewe."

Namwinamisha aangalie kwa ndani. Hakuna tundu la pini, wala alama ya tundu lililozibwa. Ananuna, anaagiza kahawa.

Saa sita nahamia mfuniko wa injini, nyuma. Huku mkono ukipita kwa ndani unakutana na vijipele. Nakwangua: filla, imejazwa kwenye vitundu ambavyo fundi fulani wa zamani aliona havina kazi. Hapo ndipo ilipokaa nembo ya 1300. Namba ya injini nayo inaanza na F. Ya 1200 ingekuwa D. Picha za mtandaoni nazitazama mwisho, maana nyingi ni za magari yaliyokwisha kuchanganywa.

Swala, wali, usingizi kidogo.

Saa tisa, mikanda ya pambo ya ubavuni mwa gari. Napitisha sumaku. Yote ni alumini, haishiki, isipokuwa wa mlango wa kushoto: tap! Chuma cha kromu. Tena ni mwembamba kuliko wenzake, na mikanda myembamba ilianza na modeli ya 1967. Unatoka.

Saa kumi na moja. Wilikapu tatu ni bapa, ya nne imebinuka kama bakuli. Kuna jamaa Kilifi anayo bapa. Bei aliyonitajia kwenye simu nilimwambia arudie, nikidhani laini ni mbaya.

Mzee ameondoka na nembo yake mfukoni. Amesema kesho atakuja nayo tena.