Alisema eeh, lakini eeh ya nini

Kaka yangu ana mtoto wa miaka 4, na huyo mtoto alikuwa na jogoo wake, akienda chooni jogoo anamngoja mlangoni. Sasa Idi ikafika, jogoo akaingia sufuriani, mtoto akaja kukuta kichwa kimebaki kwenye karai, wallahi alilia mpaka kamasi zikafika kidevuni, "mrudisheni, mrudisheni". Na mimi shangazi mtu, badala ya kumbeba nikatoa simu.

Lakini nilimuuliza! Nikamwambia nikuposti TikTok? akasema eeh. Baba yake akacheka akasema posti. Nikajiona nimemaliza, ruhusa mbili, nataka nini tena. Mpaka juzi nimekaa nikakumbuka, mimi nilipotolewa apendiksi daktari alinieleza anakata wapi, nini chaweza kuharibika, na kwamba naweza kukataa, ndo nikatia saini. Huyu mtoto angekataa nini na TikTok haijui, yeye anajua simu ni ile yenye katuni, hata ningemwambia nikuuze angesema eeh.

Na baba yake je? Hapo ndo nilikosea zaidi. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 haisemi mzazi akikubali basi yameisha, inataka mzazi akubali NA pia haki na maslahi ya mtoto yalindwe. Sisi tunashika nusu ya kwanza tu. 2023 kuna shule Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, mtu akairusha tena hiyo habari majuzi kwenye grupu la familia, sote tukailaani shule, na humohumo uso wa mtoto wetu ushafanywa stika, mtu akiishiwa hela anaituma, Arsenal ikifungwa inatumwa.

Madrasa nako wenzake wakaanza, "mrudisheni, mrudisheni". Akaja akaniambia, shangazi, nitoe humo.

Video nimefuta. Stika nimepigia watu simu mmoja mmoja, wengine wamenuna eti najifanya mzungu. Jana fundi wa friji, namba hata sijaisevu, nimemwambia sina pesa mpaka Ijumaa, akanijibu kwa hiyo stika.