Barbegal: magurudumu 16, kivuli hakuna

Dereva wa teksi nilimwambia wazi: nataka kinu cha maji cha Barbegal, kile cha Warumi cha kusagia nafaka. Akaitikia kwa bashasha, akaendesha hadi Fontvieille, akanishusha chini ya kinu cha upepo. Kinapendeza kweli, kipo kilimani, watalii wanapigana picha. Akachukua euro 40 zake na kuondoka huku akinipungia mkono. Muuza kadi za picha, nilipomwonyesha ramani, alicheka mpaka akaketi. "Wengi huletwa hapa kwanza," akasema, kisha akaniuzia chupa ndogo ya maji kwa euro 3.

Nikashika njia kwa miguu. Jua la Julai kusini mwa Ufaransa halina adabu, na nyenze walipiga kelele mizeituni yote. Hatimaye nikayaona matao: mifereji miwili ya Kirumi iliyojengwa sambamba, mmoja ukipeleka maji mjini Arles, mwingine kinuni. Hakuna lango wala tiketi. Hapo tu ndipo sikudaiwa kitu siku hiyo. Unafuata matao hadi kwenye mwamba uliochongwa upenyo. Ukitokea upande wa pili, ardhi inaporomoka mbele ya miguu yako, na huo mteremko ndio kinu chenyewe.

Nilitarajia jengo, nikakuta kuta zilizobomoka zikishuka ngazi kwa ngazi. Katika karne ya 2 Warumi walipanga hapa magurudumu 16, safu mbili za manane manane. Maji yalimwagika juu ya gurudumu la kwanza, yakalizungusha, yakaangukia la pili chini yake, na hivyo hivyo hadi la nane. Tone lilelile lilifanya kazi mara nane kabla ya kufika bondeni!

Mbao zote zimeoza. Ila maji ya huko yana chokaa nyingi, nayo iliganda juu ya mbao tabaka kwa tabaka, ikabaki na alama zake. Watafiti waliosoma tabaka hizo wanaona kinu kilisimama miezi kadhaa kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa majira ya joto hadi vuli. Zamani iliaminika kililisha mji wa Arles. Sasa wapo wanaodhani kilisaga unga wa biskuti kavu za mabaharia.

Mimi nawaunga mkono. Kwetu mashine ya kusaga ikikosa dizeli siku mbili tu, kina mama wanamfuata mwenyewe hadi nyumbani kwake na ndoo za mahindi. Ingefungwa miezi kadhaa, angehama kijiji. Kinu kinachotegemewa na mji mzima hakipewi likizo ndefu namna hiyo.

Kesho yake, katika jumba la makumbusho la Arles, niliona mfano wake mdogo, umekamilika na magurudumu yake. Anayetaka kwenda Barbegal aanzie huko, maana bila mfano ule utaona mawe matupu. Na abebe maji yake.